Nyenje Wanono wa Mama Mkwe

Kinyonga wangu hakula kitu kilichokufa. Alitaka nyenje hai, tena nyenje aliyeshiba, maana chakula cha kinyonga ni kile kilichomo tumboni mwa mdudu. Kwa hiyo nilifuga nyenje kwenye ndoo nyuma ya nyumba yetu, hapa Chamwino. Niliwalisha pumba za uwele, majani ya mlenda na vipande vya boga, kisha nikawanyunyizia unga mweupe wa maganda ya mayai niliyoyatwanga mwenyewe. Bila unga ule mifupa ya kinyonga inalainika. Nyenje wale walikula vizuri kuliko wageni wangu, wala sikuona haya. Nilikuwa nawanenepesha waliwe.

Mama mkwe alikuja kutoka Busi mvua za kwanza zilipoanza, na matetea yake kwenye tenga. Alipomwona kinyonga aligoma kuvuka kizingiti. Kwao kinyonga ni nuksi.

"Marahaba," aliitikia shikamoo yangu. "Miaka yote hii huna mtoto, na bado unafuga hicho kitu ndani? Tumbo litashikaje?"

Mume wangu alicheka kana kwamba tunataniana. Mimi nilimwambia mama kwa adabu kwamba kinyonga haendi popote.

Baada ya wiki chache akabadilika. Aliomba awalishe nyenje yeye, kwa kuwa mimi nashinda kazini.

"Nimefuga kuku maisha yangu yote, wadudu ndio watanishinda?"

Nilifurahi, mjinga mimi. Nikamwonyesha kopo la unga. Kila nikirudi nilikuta nyenje wamenona, wamejaa weupe mgongoni, naye ananipokea kwa tabasamu. "Wanao wamekula, mwanangu." Neno hilo lilinichoma, lakini nililimeza ili nyumba iwe na amani.

Uwele ulipoanza kuvunwa, miguu ya kinyonga ilikuwa imepinda, anajikokota kwa tumbo. Kisha taya likalegea. Ulimi haukufyatuka tena, na nyenje wakawa wanatembea juu ya kichwa chake bila wasiwasi. Nilijaribu kumlisha kwa mkono, mdomo ukakunjika vidoleni mwangu. Mama mkwe alivuta kigoda akaketi karibu, anachambua karanga na kututazama.

Nilichukua kopo niwaongezee nyenje unga. Vidole vyangu vilikuwa na maji, na unga ukanata. Maganda ya mayai hayanati. Nilionja, nikakuta ni muhogo.

"Maganda nawapa kuku wangu," alisema, macho yakiwa kwenye karanga. "Wao wanataga."

Kinyonga alikufa kesho yake asubuhi, mdomo wazi, amezungukwa na chakula. Nililia kama nimefiwa na mtu. Nilimwita mama mkwe mchawi mbele ya majirani, na mpaka leo sijaomba radhi.

Jioni tulikula pamoja, kwa sababu mume wangu alitaka hivyo. Mama mkwe alimega ugali, akamgeukia mwanawe.

"Kisingizio nimekiondoa," alimwambia. "Mwakani kama bado, basi ujue ni yeye, na wewe utaoa."

Nilimwangalia mume wangu, nikamngojea aseme neno moja tu. Alilamba vidole, akasogeza sahani yake kwangu nimwongezee mboga.