'Sina wa kulia': neno lililokaribia kumzika Mzee Mbunda

Saa moja asubuhi. Baridi ya Julai huku Mpepai haina mzaha, na Bonifasia Hyera amevaa masweta mawili na mabuti ya mvua. Amesimama kando ya kichanja cha kuanikia kahawa, anahesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Kumi na tano. Kumi na sita. Baba, hiyo nzima, irudishe."

Upande wa pili wa kichanja ameketi Mzee Hyasinti Mbunda, mwenye miaka 67. Mkono wake wa kulia unatambaa taratibu juu ya kahawa, unatafuta punje mbovu. Kidole gumba na kidole cha shahada vinakutana, vinaikosa punje, vinarudi tena. Mkono wa kushoto umeamriwa kukaa mfukoni, na asubuhi hii umeshakamatwa mara mbili ukichomoka kwenda kusaidia.

"Kumi na saba!" anasema Bonifasia, punje inapoangukia kwenye kopo. "Jana tuliishia kumi na nne."

Mzee anajibu kwa maneno mafupi, yanayotoka mojamoja. "Jana... ulihesabu... vibaya."

Kisha anasimama, anashika mbao ndefu zilizopigiliwa juu ya nguzo fupi kutoka kwenye kichanja hadi mlangoni, na kuanza safari ya kurudi ndani. Ni hatua ishirini na mbili. Mbao zenyewe ni pana, nzuri, zimepigwa randa zikang'aa, na mtu angejiuliza kwa nini mbao za namna hiyo ziachwe nje zipigwe na ukungu. Zina habari yake, tutafika huko.

Bonifasia, mwenye miaka 46 na watoto wanne, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kaya zake ni 97, katika vitongoji viwili vilivyotenganishwa na mlima, na huzizungukia kwa miguu. Mfukoni ana daftari, begani ana mkoba wenye kipimo cha presha. Posho anayopata haimtoshi kuishi, kwa hiyo siku zake huanzia kwenye miche yake 420 ya kahawa kabla hajaanza kupiga hodi kwa watu.

Anajulikana kwa kuuliza maswali mengi. Kuna nyumba ambazo wakimwona anakuja, mtu wa presha huenda kujificha chooni.

"Nawasubiri," anasema akicheka. "Mtu atakaa chooni mpaka lini?"

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakumsubiri, na hilo bado linamuuma. Anafungua daftari la mwaka jana na kumwonesha mwandishi mistari mitatu, ya Mei, Juni na Julai. Yote imeandikwa hivi: *Hyasinti Mbunda, dawa za presha, hayupo, yuko shambani.*

"Nilikuwa nimesikia ameacha dawa. Alisema anajisikia mzima, ya nini kumeza vidonge," anasema Bonifasia. "Mimi nikafika nyumbani kwake mara tatu, nikaandika, nikaondoka. Shamba lenyewe nalijua. Lipo hapo chini tu. Sikushuka."

Mwezi Agosti, katikati ya msimu wa kuchuma, Mzee Mbunda aliangukia kwenye ndoo yake ya kahawa. Mkewe, Mama Devotha, aliyekuwa mche wa tatu kutoka pale, alifikiri ameteleza. Alipomgeuza, aliona mdomo umeenda upande.

Kilikuwa kiharusi. Alipelekwa hospitali mjini Mbinga nyuma ya gari lililokuwa limekuja kubeba kahawa, akalazwa siku kumi na moja akilishwa kwa mpira. Uhai ukabaki, mguu ukaanza kujibu kidogo, lakini mkono wa kulia ulilala na ulimi ukawa mzito. Kabla ya kuruhusiwa alipimwa kumeza, na familia ikaambiwa koo lipo sawa, chakula laini kitapita.

Nyumbani chakula hakikupita.

"Tulimpikia uji, akafunga mdomo. Ndizi za kuponda, akafunga mdomo," anasimulia Mama Devotha. "Kaka yangu akatuletea dagaa wa ziwani kutoka Lundo, kitu anachokipenda tangu ananichumbia. Akaangalia sahani, akageukia ukutani. Maji na dawa tu ndivyo alivyokubali."

Mama Devotha ni Mnyasa wa Lundo, mtoto wa wavuvi. Mumewe ni Mmatengo wa milimani. Walipooana, Kimatengo cha huyu na Kinyasa cha yule havikuelewana vizuri, wakaamua nyumba yao iongee Kiswahili, na watoto wakakua hivyo. Ni jambo dogo, lakini bila hilo habari hii isingekuwepo.

Siku ya pili nyumbani, Mzee aliongea kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Alikuwa amewekewa ugali laini mbele yake. Watu wote wakasogea. Kwa shida kubwa akasema maneno matatu:

"Sina... wa... kulia."

Binti yake mkubwa, Jacqueline, fundi cherehani wa mjini Mbinga, aliiacha sahani hapohapo akatoka nje akilia kwa sauti. Alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu Pasaka ya mwaka juzi, baada ya kukorofishana na baba yake kuhusu mchumba. Yeye alisikia kwamba baba anakufa, na anaona hana mtu wa kumlilia.

"Nilijua ananisema mimi," anasema Jacqueline. "Kutoka mjini mpaka hapa ni safari ya asubuhi moja. Sikuja. Halafu baba anasema hana wa kulia. Nilitamani ardhi inimeze."

Mzee aliposema tena jioni, alitoka nje Mama Devotha. Kesho yake aliposema mbele ya majirani, walitoka wote. Kila alipolitamka neno, nyumba ilijaa kilio na chumba kikabaki kitupu. Habari ikasambaa kitongoji kizima kwamba Mzee Mbunda ameaga kwa kinywa chake, hali chakula, anangoja siku. Watu wakaanza kuja kumwangalia wakiwa wamevaa nguo za heshima.

Kaka yake mkubwa, Mzee Pankras Mbunda, ambaye ni seremala na ndiye mkuu wa ukoo, hakulia. Alinunua mbao, akaanza kuzipiga randa nyuma ya nyumba yake.

Ndiyo, ni zile zile.

Bonifasia alifika siku ya nne. Uwanja ulishajaa watu waliokaa kama msibani. Alimwamkia mgonjwa shikamoo, akaketi kitandani, na kwa kuwa ni mtu wa maswali, akauliza.

"Baba, kwa nini huli?"

"Sina wa kulia," akasema Mzee.

Jacqueline akashika mlango kutoka. Bonifasia hakutoka. Alibaki akimwangalia, na hapo akaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kubaki chumbani kukiona. Kwa mkono wa kushoto, Mzee aliushika mkono wake wa kulia, akauinua mpaka usawa wa kifua, akauachia. Ukaanguka kwenye blanketi kama nguo iliyolowa.

"Sina wa kulia," akarudia, machozi yakimtoka kwa hasira.

"Nilicheka," anakiri Bonifasia. "Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha. Baba wa watu alikuwa anasema mkono! Hana mkono wa kulia chakula! Sisi tunalia, yeye ana njaa."

Akampigia kelele Jacqueline arudi ndani. Akamwambia amuulize baba yake mwenyewe: ni mkono? Mzee akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu aliyekuwa akigonga mlango siku tatu na sasa umefunguliwa. Jacqueline aliangukia magoti pembeni ya kitanda akalia upya, ila safari hii hakutoka.

Kujua tatizo hakukulimaliza. Jacqueline alichukua kijiko. Mzee akafunga mdomo. Alikuwa mtu aliyekula kwa mkono wake maisha yote, na kulishwa na binti mbele ya watu hakukumwingia kichwani. Bonifasia akamshauri atumie kushoto. Mzee alimtazama kama aliyemtukana. Kushoto ni mkono wa chooni, na mtu aliyelelewa vizuri haupeleki kwenye chakula, awe mzima au mgonjwa.

Jioni hiyo Bonifasia aliandika kwenye daftari: *Anaweza kumeza. Anaona aibu.* Alijua vilevile kwamba mwili wa mtu aliyetoka hospitali hauna siku nyingi za kusubiri aibu iishe. Angekufa na koo zima.

Ndipo alipoikumbuka sengu.

Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu, yaani wanaume wa ukoo kukutana, kula pamoja sahani moja na kuzungumza mambo ya familia. Nyumba nyingi siku hizi zimebaki na jina tu. Kwa kina Mbunda bado ipo, kila Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Mzee Pankras, na Mzee Hyasinti hakuwahi kuikosa. Bonifasia alikwenda kumwona mkuu wa ukoo. Alimkuta na randa mkononi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, binti. Umekuja kuniambia kimekwisha?"

"Nimekuja kuomba nafasi kwenye sengu ya Jumapili. Na ninaomba isingoje Jumapili. Ifanyike kesho, chumbani kwa mgonjwa."

Alipoeleza anachotaka, Mzee Pankras aliweka randa chini. Bonifasia alitaka wanaume wote wa ukoo wale kwa mkono wa kushoto.

"Nilimfukuza," anasema Mzee Pankras, mwenye miaka 74, bila kuona haya. "Nilimwambia, wewe binti wa watu unataka wazee wazima tukikosee adabu chakula? Akaniuliza swali moja tu. Akaniambia, baba mkubwa, hizo mbao ukimaliza kuzipiga randa utamwambia nini mdogo wako?"

Kesho yake mchana wanaume sita waliketi kuzunguka kitanda. Ukaletwa ugali, maharage na wale dagaa wa Lundo. Wakanawa. Kila mmoja anamtazama mwenzake, na Bonifasia amesimama mlangoni akiomba moyoni. Alikuwa mwanamke pekee mle ndani, na wazo lilikuwa lake. Likishindikana angekuwa kichekesho cha kata nzima, na Mzee Mbunda angegeukia ukuta kwa mara ya mwisho.

Mzee Pankras akanyoosha mkono wa kushoto.

Alikata tonge, likamponyoka. Akakata jingine, akalichovya, maharage yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akalipeleka mdomoni, likagonga kidevu. Wengine wakafuata, na haukupita muda chumba kikawa kama watoto wachanga wameachiwa sahani. Mtu mmoja akaanza kucheka.

"Tulitazamana kuona ni nani," anakumbuka Mzee Pankras. "Alikuwa yeye. Mdomo umepinda, sauti haitoki sawasawa, lakini anacheka. Anatucheka sisi."

Kisha Mzee Hyasinti akatoa mkono wa kushoto chini ya blanketi, akakata tonge dogo, akala. Akakata la pili. Bonifasia anasema alilazimika kwenda kusimama nyuma ya nyumba kwa muda, kwa sababu mtaalamu hapaswi kulia mbele ya mgonjwa.

Tangu hapo ni miezi kumi na moja. Mbao za seremala ziligeuzwa kuwa kishikizo cha kutembelea, na Mzee Pankras hujisifu kwamba ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitalini aliwafundisha namna ya kuunyoosha mkono. La kuchambua kahawa Bonifasia alilibuni mwenyewe, na mtaalamu alipoliona akasema waendelee. Jacqueline huja kila Jumamosi na kurudi mjini Jumatatu. Mwezi uliopita alimleta yule mchumba, na Mzee alimpa punje achambue.

Bonifasia naye amebadili utaratibu. Haandiki tena "yuko shambani". Anashuka. Msimu huu amepima presha watu 61 katikati ya mistari ya kahawa, wengine wakiwa na ndoo kiunoni, na tisa kati yao amewapeleka zahanati. Anapanga kuomba kibali cha kupima watu kanisani kila Jumapili baada ya misa, kabla hawajatawanyika, na tayari amemwomba Mzee Mbunda awe wa kwanza kukaa kwenye kiti ili watu wamwone.

"Nikihubiri mimi wanakimbilia chooni," anasema. "Wakimwona yeye watakaa."

Ana hamu nyingine moja. Mzee Pankras ametoa amri kwamba hakuna mwanaume wa ukoo huo atakayerudi kwenye mkono wa kulia kwenye sengu mpaka siku mdogo wake atakapoutumia wake. Wameshaanza kuzoea, ingawa wake zao wanalalamika kuhusu mashati. Mzee Hyasinti amejiwekea lengo la Noeli. Bonifasia ameomba aitwe siku hiyo asimame tena pale mlangoni.

Ni Jumapili, na mwandishi amekaribishwa kuona sengu, ambayo tangu ugonjwa huo hufanyika uwanjani kwa Mzee Hyasinti. Mzee anavuka uwanja akishika mbao, hatua kwa hatua, hadi kwenye mkeka ambako wanaume sita wamekwisha kunawa na wanamngoja. Jacqueline anamshikia jagi la maji, anamnawisha mikono yote miwili, kisha anaushikilia ule wa kulia kidogo, kwa utani ambao sasa ni wa familia.

"Baba, bado huna wa kulia?"

Mzee anautazama mkono. Anavikunja vidole polepole, viwili vinafika, vitatu vinabaki njiani. Anainua macho, anawatazama waliokaa kuizunguka sahani, kisha binti yake.

"Wa kulia... bado," anasema. "Wa kula nao... ninao."

Na mikono saba ya kushoto inaingia kwenye ugali.