Soude ya pH 2? Kwangu hapana!

Jameni, leo nimekosoa chimie bila kushika bic!

Furaha, mutoto wa dada yangu, alikuwa anamaliza devoir yake ya somo la chimie hapa kwangu Bweremana. Akikosa hii, anarudia mwaka.

Kwa soude, ile dawa kali ya kupikia sabuni, nikaona ameandika: pH 2.

"2 njo nini?"

"Ni asidi kali, kama ndimu, Mujomba."

Ndimu?! Mimi mupika sabuni, soude imenikula vidole mpaka simu haitambui alama yangu!

Nikamwambia: "Basi ikamulie samaki yako ya sambaza, ukule tuone!"

"Aka! Itanichoma tumbo!"

Akarudilia hesabu, akaruka: "Nilisahau kutoa ile 2 kwa 14! Iko 12!"

"Njo nilikuwa nasema."

"Kumbe Mujomba unajua hesabu za logarithme?"

Nikakimbilia sabuni, ilikuwa inataka kuungua.

Walimu wa chimie, munanipa ngapi juu ya kumi?