Kidole Gumba Juu ya Tundu la Buji

Siku ya kwanza kazini sikupewa spana. Mkuu wa garaji, mzee tuliyemwita Papa Shefu, alinipa kitambaa akaniamuru nifute kidole gumba. Ulikuwa mwaka wa uhuru, hapa Uvira, nami nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Niliona aibu.

"Kidole ndiyo chombo," alisema. "Kama iko na mafuta, itakudanganya."

Leo mna mashine za kupima injini. Sisi tulifungua buji, ile inayotoa cheche, tukatazama rangi yake: kahawia ni afya, nyeusi yenye mafuta ni ugonjwa. Kisha mwenzako anazungusha injini kwa manivela, ule mkono wa chuma wa mbele, nawe umeziba tundu la buji kwa kidole gumba. Silinda iliyo nzima hukitupa kidole nje kwa pumzi yake. Pumzi ikiwa dhaifu, unatia kijiko cha mafuta: ikirudi, ringi za pistoni zimelika, isiporudi, valvu zinavuja. Nilipenda kazi ile, jamani, hata harufu yake. Sheria ya Papa Shefu ilikuwa moja tu: fundi hasemi uongo juu ya injini, hata mwenye gari akilia.

Uasi ulipofika mjini miaka michache baadaye, magari mengi yalichukuliwa. Lilibaki moja la zamani, la maternité, la kubebea wajawazito. Mke wa Papa Shefu, ambaye ugali wake nilikula kila mchana, alikuwa karibu kujifungua. Asubuhi moja kamanda wa waasi akalileta gari lile garajini, anataka kwenda nalo vitani upande wa Kamanyola.

Papa Shefu aliweka kidole, akatikisa kichwa. "Moteri imekufa, komanda. Ringi zimekwisha."

Kamanda hakuamini. Akanigeukia. "Weye, pima."

Nikapima. Kidole kiliruka mara zote nne. Nilidhani mzee amechoka, na kwamba leo nimemshinda mwalimu wangu. Kichwa kilinivimba.

"Iko muzima," nilisema. "Silinda zote ine."

Kamanda alicheka, akamwambia mzee akapumzike, akaondoka na gari. Halikurudi.

Wiki ileile uchungu ulimshika mke wa Papa Shefu nyumbani kwao Kilibula. Tulimbeba kwa machela kwenda maternité, mimi mbele, jua la mchana likituchoma. Alifia njiani, mtoto angali tumboni.

Baada ya mazishi nilikwenda kuomba msamaha kwa kulitoa gari ambalo yeye alidanganya ili libaki. Mzee alinikatiza.

"Ni miye nilikufundisha kusema vile," alisema. Kesho yake tulifungua garaji kama kawaida.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa garaji mwenyewe. Watu wa Kavimvira bado wananiletea magari ya kizamani niyapime kabla hawajanunua, na ninawaambia ukweli, maana sijui kufanya kazi hii namna nyingine. Ila kabla sijagusa buji, ninauliza gari linakwenda wapi.