Tembo Nyuma ya Mama Mdogo

Baba mdogo alifika kwenye baraza langu la cherehani asubuhi moja, akaweka kamera mbili juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaniambia nichague moja.

Yeye ni mume wa mama yangu mdogo. Alikuwa mkulima wa korosho Namasakata, wilayani Tunduru, mpaka mawe ya vito yalipozuka huko na wanunuzi wakaanza kuja kutoka nchi za mbali. Basi akawa dalali. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinaingia, na wageni wale walikuja na vitu ambavyo sisi Songea tuliviona kwenye magazeti tu. Mnunuzi mmoja, alipokuwa anarudi kwao, akamwachia baba mdogo kamera zote mbili kama asante.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kubonyeza tu, ina taa yake mbele na inavuta filamu yenyewe. Ya pili ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa, nyeusi, ina lenzi mbili za kubadilisha: moja fupi, nyingine ndefu kama mchi wa kutwangia vitunguu saumu.

"Chukua hii ndogo," baba mdogo alisema. "Hata mtoto anaiweza."

Nilichukua ile nzito. Sikuweza kueleza kwa nini, ila nilipoweka jicho nyuma ya lenzi ndefu na kuielekeza ng'ambo ya barabara, nilimwona muuza mitumba akichokonoa meno, na nikaona hata kijiti chenyewe. Nikaitoa kamera usoni. Mtu alikuwa mbali vile vile, kwenye rundo lake la makoti. Nikarudisha jicho, akarudi karibu. Moyo ulinipiga kama nimeshikwa nikichungulia dirishani kwa watu.

"Utajuta," baba mdogo alisema, lakini alikuwa anacheka.

Kazi ya ushonaji ilikuwa imebadilika miaka ile. Watu hawakuleta tena vitambaa vya kushonewa nguo mpya. Walileta makoti ya Wazungu niyapunguze mabega. Nilikuwa na nafasi mchana. Nikaishonea kamera mfuko wa kitenge wenye pamba ndani, nikaanza kupiga picha za kila siku: wanawake na madebe bombani, baiskeli zilizobeba mkaa, kunguru juu ya bati la kanisa.

Filamu yangu ya kwanza niliitumia Maposeni, kwenye komunyo ya kwanza ya binti wa kaka yangu. Nilipiga picha za watoto na mishumaa, wazee kwenye viti, sufuria za pilau, kila mtu. Namba kwenye kidirisha cha kamera ilifika mwisho wa filamu, ikapita, ikaendelea. Nikadhani nimebahatika kupata filamu ndefu.

Songea nilikuwa nakwenda kwa fundi picha mmoja karibu na soko, mtu mpole mwenye vidole vya njano kwa sababu ya dawa. Picha za rangi alizituma Dar es Salaam kwa basi, lakini nyeusi na nyeupe alizisafisha mwenyewe chumba cha nyuma. Alitia kamera yangu kwenye mfuko mweusi, akaingiza mikono, akapapasa. Kisha akatoa mikono na kufungua kamera mbele yangu, mwangani.

"Dada, hujapiga kitu," alisema.

Filamu yote ilikuwa bado ndani ya kopo lake. Ncha haikunasa kwenye kigurudumu. Siku nzima nilikuwa nimepiga hewa, mimi ninayejua kabisa kwamba uzi usiponasa, mashine hukimbia na nguo isishonwe. Nilikaa kwenye benchi lake nikashindwa kuondoka. Ilibidi nirudi Maposeni kumwambia kaka kwamba sherehe ya mwanawe haina hata picha moja. Akaniuliza, "Sasa ulikuwa unatuchekesha ya nini?"

Tangu siku hiyo nilijifunza kutazama kile kidude cha kurudishia filamu. Ukivuta na kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, acha kuwachekesha watu.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda Namasakata kuwasalimu baba mdogo na mama mdogo. Njia ya Tunduru ilikuwa vumbi tupu, na basi lilituchosha mpaka tulipofika tulikuwa na rangi moja, abiria na mizigo. Mama mdogo alinipokea kwa kunikumbatia hapo hapo na vumbi langu. Alikuwa amesilimu alipoolewa, miaka mingi nyuma, lakini bado aliniuliza habari za parokia yetu kama mtu aliyetoka jana.

Pale walikuwa wanalalamikia tembo. Mto ulikuwa umekauka, umebaki mchanga, na tembo walishuka kutafuta maji kwenye mchanga kama wanavyofanya watu. Mimi nilichosikia ni neno tembo tu. Mchana ule baba mdogo alinipeleka juu ya ukingo wa mto, mahali pa juu penye mawe ambapo aliona ni salama, akaniacha hapo akaenda kuongea na mtu aliyekuwa akipogoa mikorosho.

Nikafunga lenzi ndefu. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo nikafunga tundu la lenzi liwe dogo, kama fundi alivyonielekeza, nikaegemeza kamera juu ya jiwe ili isitikisike. Nikasubiri.

Alitoka peke yake ng'ambo, dume, kwenye vichaka. Hakutoa sauti yoyote. Hilo lilinishtua kuliko ukubwa wake: mnyama yule mzima anatembea na hata jani halivunjiki. Alisimama kwenye mchanga, akainua mkonga, akanusa. Nikabonyeza. Nikavuta, nikabonyeza tena. Kwenye kioo cha kamera niliona masikio, niliona mikunjo ya magoti, niliona pembe moja imevunjika ncha. Chini ya picha kulikuwa na ukungu fulani, kitu cheupe kisichoeleweka, nikadhani ni nyasi zilizo karibu. Kisha baba mdogo akarudi, macho yake kwa tembo tu, akanivuta bega akaniambia tuondoke polepole, na tukaondoka.

Jioni tulikula ugali na mboga ya majani ya kunde. Mama mdogo alisema maji ya kisimani yameanza kuwa ya chumvi. Nilimsimulia habari za tembo, akatikisa kichwa, akasema wasichana wa siku hizi hawana woga. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo.

Niliporudi Songea nilimwachia fundi filamu. Siku niliyokwenda kuchukua picha, hakunipa bahasha. Alinitazama kwanza.

"Huyu mama alipona?" akauliza.

"Mama gani?"

Akaweka picha kwenye kaunta. Katikati alikuwepo yule dume, mkonga juu. Na chini yake, kwenye ukingo wa picha, mwanamke ameinama na ndoo, kanga nyeupe imefungwa kifuani, mgongo kampa tembo. Mkonga ulikuwa umenyooshwa juu ya kichwa chake. Ungedhani akisimama tu, atagonga pembe.

Alikuwa mama mdogo.

Nilishika kaunta. Nilijua kwamba ni mzima, nilikula naye jioni ile ile. "Sikumwona," nilimwambia fundi. "Wallahi, mimi sikumwona." Mimi Mkatoliki, nikaapa hivyo kwa sababu ndivyo wanavyoapa kwao Namasakata.

Fundi hakushangaa sana. Aliichukua kamera yangu akanionyesha: unapochungulia, tundu la lenzi liko wazi kabisa, kwa hiyo kilicho karibu kinakuwa ukungu. Unapobonyeza, tundu linajifunga kama ulivyoliweka, na kile kilichokuwa ukungu kinatokea wazi kwenye filamu. Na kioo, alisema, hakionyeshi picha yote. Pembeni kinakata kidogo. Nilimsikia, nikaelewa, na haikunisaidia. Nilichukua picha zangu nikaenda nyumbani nikazigeuza uso chini mezani.

Sikujua kwamba alikuwa amechapisha nakala nyingine, kubwa, akaibandika kwenye dirisha la studio yake. Kwake ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kusafisha, na alitaka watu waone kazi. Abiria mmoja wa basi la Tunduru alipita pale, akamtambua mama mdogo, na habari ikafika Namasakata kabla sijajua kama kuna habari.

Baba mdogo alikuja nikiwa na koti chini ya sindano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakukaa. "Nimeambiwa niende nikaone dirishani kwa mtu. Twende wote."

Tulikwenda. Palikuwa na watu wawili watatu wanatazama, wakatupisha. Baba mdogo alisogea karibu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ndogo. Kisha, bila kunigeukia: "Huyu ni mke wangu."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulikuwa na mimi. Mimi ndiye niliyekupeleka pale."

Nilitaka kumweleza habari za lenzi, kwamba lenzi ndefu inavuta vitu na kuvibana pamoja, kwamba mama alikuwa chini yetu upande huu wa mto na tembo yuko kule. Lakini yeye alikuwa ameshasukuma mlango wa studio. Tulimwomba fundi aiondoe picha. Aliiondoa akiomba radhi, akatupatia bure.

"Mama mdogo wako hatoki nje," baba mdogo aliniambia njiani. "Maji anachotewa. Anasema ulisimama unatazama."

Nilifunga baraza nikapanda naye basi siku ya pili, na kamera mapajani.

Mama mdogo alinipokea kwa heshima, akanipa maji, akanipa kigoda. Hakunikumbatia. Nilipomwamkia aliitikia akiwa anatazama ndoo iliyo mlangoni.

"Mwanangu," alisema baadaye, "ulikuwa unangoja nini?"

Nikamwambia sikumwona. Akasema, "Picha imeniona, wewe hukuniona?" Nikasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Aliniangalia kama mtu anayeambiwa kwamba maji hupanda mlima.

Nikamwomba jambo moja: twende mtoni asubuhi, sote watatu, kukiwa kweupe. Alikataa. Baba mdogo akamwambia atakwenda mbele yake na panga. Akakubali.

Asubuhi nilimweka mama mdogo juu ya mawe, mahali pangu, nikamwonyesha pa kuweka jicho na pa kubonyeza. Baba mdogo alivuka mchanga akaenda kusimama mbele ya vichaka, pale alipotokea yule dume. Mimi nikashuka kwenye kisima, shimo lililochimbwa mchangani, nikainama kama anavyoinama mtu anayechota, mgongo nimeupa ng'ambo.

Hapo ndipo nilipopata hofu yangu mwenyewe. Hakukuwa na sauti. Shimo lile ni la kina, ukiinama huoni chochote ila maji na uso wako. Nilijua kwamba aliye nyuma yangu ni baba mdogo, na bado shingo ilinisisimka mpaka nikageuka.

Kutoka juu mama mdogo aliita, "Mbona mmesimama pamoja?"

"Hatuko pamoja, mama. Toa kamera, angalia kwa macho."

Nikasikia akisema peke yake, "Kumbe." Akatazama tena kwa kamera, akaitoa, akatazama tena. Nilipopanda kumfuata nilimkuta ameketi kwenye jiwe, kamera ameikumbatia na mfuko wake wa kitenge. Alikuwa analia bila sauti. Alinishika mkono.

"Nilikuwa nimeshakuchukia," alisema. "Nisamehe."

Tungeondoka hivyo ingekuwa vizuri. Lakini baba mdogo alikuwa anarudi kwa kuvuka mchanga, na alisimama karibu na kisima, akainama, akatuita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kupita kiasi, ndiyo maana tulishuka haraka.

Upande wa pili wa shimo, ambako maji yanayomwagika yalikuwa yametengeneza tope, tope lilikuwa limekauka na kuwa gumu. Ndani yake kulikuwa na nyayo, duara kubwa kama sinia. Moja, halafu nyingine, halafu ya tatu ambayo nusu yake ilikuwa imeingia kwenye ukingo wa kisima na kuubomoa.

"Ni za lini?" niliuliza.

Baba mdogo aligusa ukingo wa unyayo, ukamomonyoka. "Si za jana. Za wiki zile ulipokuwa hapa."

"Kabla yangu au baada yangu?" mama mdogo aliuliza.

Hakuna aliyejua. Huenda yule dume alivuka baada ya mama kujitwisha ndoo na kuondoka. Huenda alikuja usiku mwingine kabisa. Sisi tuliondoka kwenye mawe tukiwa tunatembea polepole, na hatukugeuka nyuma.

Mama mdogo aliweka mguu wake ndani ya unyayo ule, na kandambili, akautoa. Kisha akatuambia twende nyumbani, ana kazi.

Tangu hapo wanawake wa pale walikwenda mtoni kwa kundi, na mmoja wao alikaa juu ya mawe akitazama ng'ambo mpaka wenzake wamalize. Mama mdogo ndiye aliyelipanga jambo hilo, na aliyechelewa kundi alimsema. Mimi niliendelea kupiga picha, za ndege hasa, na watu barabarani, lakini nikapata tabia ambayo wenzangu waliicheka: kabla ya kubonyeza, naishusha kamera natazama mahali pote kwa macho yangu, kushoto, kulia, chini.

Picha aliyopiga mama mdogo siku ile ilitoka. Alikuwa amebonyeza bila kujua, ardhi imelala upande kama meza iliyovunjika mguu, na kichwa cha baba mdogo kimekatwa. Mimi naonekana wazi, nimeinuka nusu kutoka kisimani, nimegeuka kutazama nyuma, na uso wangu sipendi kuutazama mpaka leo.