Mama wa Chungu

Kila asubuhi, kabla hata ya kuitikia salamu, Madamu alimuuliza mpishi wake swali moja: "Gaspard, mama amekula?" Na kila asubuhi Gaspard alijibu kwamba amekula. Mpita njia aliyesikia hayo nyuma ya ua wa mumewe, Bwana Agronomo, mtaalamu wa kilimo, pale Kalundu mjini Uvira, angekwenda zake akiamini kwamba kumbe wapo Wabeleji wenye utu. Lakini mama aliyeulizwa alikuwa ni unga na maji ndani ya chungu cha udongo.

Ilikuwa chachu, ila si ile ya kununuliwa dukani kwenye kopo. Hii ilifugwa. Ilipewa kiganja cha unga na maji vuguvugu kila siku, ikachemka polepole bila moto, ikatoa harufu ya siki na ya ndizi iliyopitiliza. Ukichanganya kiasi chake kwenye donge, mkate unaumuka. Ukiisahau bila chakula, inakufa. Kwa Kifaransa chao Madamu aliiita mama, na Gaspard, ambaye hakulipwa kwa kubuni maneno, akatafsiri vivyo hivyo. Mama aliyemzaa Gaspard mwenyewe, Inamahoro, mjane aliyeteremka kutoka Mutarule kuja kuzeekea kwake, Madamu hakumuulizia hata siku moja. Tumtendee Madamu haki: Inamahoro hakuwahi kuumua mkate wa mtu.

Mkate wenyewe ulikuwa wa rangi ya udongo. Ngano ilitoka milima ya Lemera, ikasagwa nzima na pumba zake, wala haikuchekechwa. Makarani wa ofisi ya pamba walipopita barazani walicheka wao kwa wao: wazungu wamekula kila kitu cha nchi hii, sasa wamefikia chakula cha kuku. Wao walikuwa wakingoja mkate mweupe. Katika yote ambayo uhuru uliwaahidia watu wa Uvira, mkate mweupe ndio uliofika kweli. Ulikaa wiki chache, kisha wenye maduka nao wakavuka mto Ruzizi kuihama nchi.

Madamu aliondoka na wa kwanza, mwezi ule ule wa dipanda, yaani uhuru. Mbwa alikuwa amekwisha kupanda kiti cha mbele. Madamu akashuka tena garini, akarudi jikoni, akamkabidhi Gaspard kile chungu kwa mikono miwili, macho yakimtiririka machozi. Alimwagiza amlishe mama kila siku, asiruke hata moja. Kwa kitambo kidogo Gaspard alidhani machozi yale yalikuwa ya kumlilia yeye.

Akakipeleka chungu nyumbani Mulongwe, kwa mkewe Georgette na watoto. Akalaza pipa la mafuta ubavu uani, akalikandika udongo, likawa tanuri. Hapo ndipo watu walipojua kwamba ule mkate wa pumba haukuwa wa Madamu hata kidogo. Madamu alikuwa akiuagiza tu. Gaspard aliulowesha unga kwanza na kuuacha, maana pumba hunywa maji bila haraka, na ukikanda kabla hazijashiba zinakulipiza mkate ukiwa motoni. Ndipo akatia mama, chumvi, akakanda mpaka donge likaanza kurudi lenyewe kila alipolisukuma. Alilifunika kitambaa na kulisubiri. Alilibonyeza kwa kidole: shimo likirudi upesi, bado, lisiporudi, umechelewa, likirudi kivivu, washa. Joto la tanuri alilipima kwa mkono mtupu na Salamu Maria. Akiweza kuimaliza sala nzima mkono ukiwa ndani, moto umepoa. Kwa mkate ule mkono ulitakiwa utoke kwenye "utuombee sisi wakosefu", kabla ya kufika saa ya kufa kwetu. Mkate ukitoka aliugonga kitako, na ulipolia kama ngoma ndogo aliuweka kwenye kivuli na kumpiga kofi la mkono yeyote aliyetaka kuukata ungali moto.

Bibi Inamahoro hakuujali mkate kwa kuwa meno yalikwisha. Yeye aliupenda unga. Tumbo lake lilikuwa limeukataa muhogo. Kila alipomeza ugali wa muhogo aliurudisha. Uji mwepesi wa ngano ndio uliomkaa. Asubuhi alijikongoja mpaka mlango wa jiko, akaangalia chungu, akamuuliza mwanawe, "Mwenzangu ameamkaje?" Kisha akamtania kwamba mwanaume mwenye mama wawili hufa akitumwa.

Mwaka wa sitini na nne waasi walioitwa Simba wakaiteka Uvira. Njia ya tambarare ikafungwa, mitumbwi ikachukuliwa kwa kazi za vita, soko likabaki la mboga za porini na uvumi. Mkubwa wao mtaani, Komanda Octave, alikuwa karani wa zamani wa ile ofisi ya pamba. Siku moja, enzi zile, alitumwa kupeleka karatasi kwa Bwana Agronomo akawakuta mezani. Alisimama barazani karatasi mkononi mpaka wakamaliza kula. Madamu alikata mkate ule wa pumba, akaupaka siagi, akampa mumewe, akajipa mwenyewe, akampa mbwa. Wenzake waliingia porini kwa ajili ya ardhi, kodi, na waziri mkuu aliyeuawa. Octave aliingia kwa ajili ya hayo yote na kipande kile.

Kwa hiyo alipokuta magunia ya ngano kwenye ghala lililokuwa la Agronomo, aliuliza kwanza yuko wapi boyi wa jikoni.

Kazi ikarudi, na masharti yake. Simba aliyechanjwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji hakuruhusiwa kula kilichopitia mkono wa mwanamke. Georgette na mama mkwe wake wakakatazwa kukanyaga jiko lao wenyewe. Mlangoni akawekwa Kizito, mtu mnene, zamani mwalimu wa katekisimu, ambaye alihamishia kwenye bunduki ule uangalifu aliokuwa nao kwa dhambi ndogondogo. Unga wote ulikuwa wa mapinduzi. Anayeuchota kwa ajili ya nyumba yake anayaibia. Hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili. Fundi cherehani Eugène alikuwa amechelewesha suruali ya Komanda, wakampeleka kuoga mtoni Mulongwe akiwa amefungwa mikono.

Gaspard alikwenda kuomba.

"Mukubwa, nilikuwa naomba unga kidogo ya mama. Kiganja kimoja tu ku siku."

Octave alimweleza kwa upole kwamba mapinduzi hayakuja kulisha wazee. Gaspard akasema kwamba kuna mama wawili, na kwamba asipokula yule wa chungu hakuna mkate. Komanda akacheka kwa moyo mweupe kabisa.

"Aa, ule? Ule anatumika. Ule apewe."

"Na ule mwengine, Mukubwa?"

"Ule mwengine anatumika kazi gani?"

Gaspard akarudi kwenye tanuri.

Amri ikawa amri. Kila asubuhi Kizito, akiwa amekaa mlangoni, aliuliza kwa sauti ya kanisani, "Mama amekula?" na Gaspard akajibu kwa sauti hiyo hiyo. Ng'ambo ya ua wa matete jirani yao Sidonie, mwimbaji wa kwaya, alisikia yote mawili. Akawaambia wenzake kwamba watu wanawasema vibaya Simba, lakini kwa wazee wana heshima.

Ndani, Bibi Inamahoro alikuwa akipungua. Georgette alimpa maji ya ndagaa zilipopatikana, na mboga zilizopondwa. Alivimba miguu, kisha uvimbe ukapungua pamoja na miguu yenyewe. Ndipo Gaspard akagundua la kufanya. Alilowesha mkono kabla ya kuchota kiganja cha unga wa chungu, akaacha nusu tu ianguke, akafumba ngumi juu ya iliyobaki. Akamwomba Kizito ruhusa ya kwenda haja. Nyuma ya nyumba Georgette alimngoja na kikombe cha bati. Gaspard akanawa ngumi ndani yake mpaka maji yakawa meupe, Georgette akayachemsha juu ya mafiga matatu ya dharura.

Bibi akanywa. Baada ya siku chache sauti ikamrudia, na ulimi ukaitangulia sauti. "Leo nimekula mukono wa mutoto wangu," alisema. "Kesho unaniletea mukono ya kuume, hii ya kushoto haina chumvi."

Lakini chungu nacho kilikuwa kinajua kuhesabu. Povu likaisha. Maji ya kijivu yakasimama juu, na harufu ikawa ya rangi ya kucha ya Madamu. Mkate ukatoka mfupi, mzito, umejikunja kama aliyepigwa. Octave alikata kipande, akakibonyeza kwa kidole, na kidole kikatoka na ute.

"Mama iko mugonjwa?" aliuliza.

"Iko mugonjwa, Mukubwa."

"Ugonjwa gani?"

Gaspard hakuwa na jingine la kusema. "Njaa."

Octave akamtazama Kizito, na Kizito, kwa ule uangalifu wake, akautazama mkono wa Gaspard. Mto Mulongwe ulisikika ukipita. Kisha Komanda akashangaza watu: akaamuru kiganja kiwe viwili. Mgonjwa, alisema, haponi kwa kuhesabiwa.

Sasa unga ulikuwepo. Viwili: kimoja cha chungu, kimoja cha ngumi. Gaspard aliona hesabu hiyo waziwazi, na hakuna wa kumsingizia. Siku ya kwanza alisema kwamba Kizito anamkodolea macho mno, akavitia vyote chunguni. Georgette alisimama nyuma ya nyumba na kikombe. Siku iliyofuata alisema afadhali chungu kipate nguvu kwanza, mkate ukinyooka macho yatalegea, na kesho atanawa mkono. Chungu kikaanza kutoa vipovu pembeni, halafu katikati, halafu kikainua kitambaa. Gaspard aliinama akasikiliza vile vipovu vikipasuka, akafurahi. Furaha hiyo ndiyo ambayo baadaye hakuweza kuipatia udhuru. Mikate ya siku zile ilikuwa mizuri kuliko yote aliyowahi kutoa, ya Madamu ikiwemo: mirefu, ngozi imepasuka juu kwa shibe, ndani mashimo madogo yanayong'aa.

"Kikombe iko kavu," Georgette alimwambia.

"Kesho."

"Hata jana ulisema kesho."

"Jana nilisema vile juu ya jana."

Jioni aliingia kwa mama yake. Bibi alikuwa mdogo mno juu ya mkeka, macho tu ndiyo ya ukubwa wake wa zamani.

"Mwenzangu amepona?" akauliza.

"Amepona, mama."

"Akilala njaa anasemaga nini?"

"Hasemi kitu. Maji inapanda juu, siki inabaki chini."

Bibi akafikiri juu ya hilo. "Basi uniangalie vizuri," alisema. "Labda na minye nilishageuka, weye haujaona."

Gaspard akacheka, kwa kuwa alitaniwa. Akaahidi kesho.

Asubuhi mkono wake ulikuwa ndani ya tanuri, amefika kwenye "utuombee", Georgette alipokuja akasimama pale wanawake walipokatazwa kupita. Alikuwa na kikombe mkononi bado, pengine kwa mazoea.

"Mama amekufa," alisema.

Gaspard hakuutoa mkono alipotakiwa kuutoa. Lakini aliyekimbia ni Kizito. Unene wake wote uliondoka mlangoni, na uani watu walimsikia akipiga mbio barabarani akisema mama amekufa, mama wa mkate amekufa.

Komanda Octave alifika na shati halijafungwa vifungo, bastola mkononi, uso umempauka kwa huzuni ambayo hakuna aliyeweza kusema ni ya uongo. Alipita mbele ya Georgette bila kumwona, akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akafunua kitambaa. Chachu ilikuwa imefika ukingoni, inapumua. Akageuka.

"Nani amekufa?"

Gaspard, mkono umeanza kutoka malengelenge, akamwongoza chumba cha nyuma. Octave akasimama kizingitini, akamwona Inamahoro, na pumzi ikamtoka ndefu.

"Aa. Ni ule mwengine." Akavua kofia, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri. "Umetuogopesha, Gaspard."

Aliwapa pole wote. Akauliza kuhusu mkate wa leo, akaambiwa uko tayari kutiwa motoni. Akaufikiria msiba, na kwa sababu hofu iliyompata ilikuwa kubwa na faraja yake vilevile, akaamuru familia iletewe gunia zima la unga kwa ajili ya matanga. Lilibebwa na watu wawili. Liliegemezwa ukutani karibu na mkeka wa marehemu, likamzidi kimo na unene.

Waombolezaji walikula. Watu walikuwa hawajaonja kitu kama kile tangu njia ifungwe, wengine walikaa msibani zaidi kuliko ujirani ulivyodai. Sidonie alisimama akasema neno. Alisema yeye ni shahidi: kila asubuhi alisikia kwa masikio yake, mama amekula, amekula, na hata siku ya mwisho haikurukwa. Akasema watoto wa namna hiyo wamekwisha duniani. Gaspard aliinamisha kichwa, na wote wakauona unyenyekevu wake.

Jeshi la serikali liliporudi, Octave alipanda mtumbwi akaiacha kofia ufukweni. Askari walimpiga Gaspard kwa kuwalisha waasi, kisha ofisa wao akauonja mkate, kipigo kikaisha na kazi ikaendelea. Chungu kiliyapita yote hayo. Mtaani mkate ule uliitwa mukate ya Mama, kwa heshima ya Bibi Inamahoro, na mpaka leo wapo wanaosema Uvira haijapata mkate mwingine wa ngano nzima wenye ladha ile.

Georgette hakuutia kinywani tena. Lakini alishika kazi moja ambayo haikuwa yake zamani. Kila asubuhi, Gaspard anapofunika chungu, humuuliza kutoka uani, taratibu, kama Madamu: "Gaspard, mama amekula?" Naye humjibu kwamba amekula, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya matete, kwa maana siku moja alijibu kwa sauti ya chini, na mkewe akauliza tena.