Kapu Lililogeuzwa Nyuma

Baba yangu alikuwa na beberu mwekundu aliyekataa kuvuka mto Ruvuvu. Tulikuwa tunampeleka kwa mjomba wangu ng'ambo, aliyetaka mbegu. Kila tukimwingiza mtumbwini anaruka, na mwenye mtumbwi anatuuliza kama tunataka azame kwa ajili ya ndevu za mbuzi. Baba akakaa chini, akavuta kiko mpaka kikaisha. Kisha akamwingiza yule beberu kinyumenyume, macho yakitazama ukingo tuliotoka, naye akatulia kama mzee kanisani. Mjomba alimla mwaka uleule, hakungoja mbegu, na ugomvi wake na baba ni habari nyingine, ndefu, tena ndani yake mimi ninapigwa.

Mimi husimulia hivi, nikizunguka. Kusoma nilijifunzia ukubwani, katika darasa la kisomo la kijiji, na mwalimu wetu alisema hadithi zangu zinatumwa maji zinarudi na kuni. Nilitaka kueleza habari ya mwanangu wa kwanza na namna tulivyomchagulia kiti.

Wakati huo tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, huku Bukiriro, nyumba zimepangwa mstari, ukikohoa jirani anakupa pole. Mke wangu ni Msubi wa Nyarubungo, kule Biharamulo. Mama yake alikuwa hajamwona mjukuu, na kila msafiri alitufikishia swali lake lilelile: mtoto ana meno au hana? Vita na Idi Amin ilikuwa imeanza, magari yanachukuliwa kubeba askari. Dereva wa lori la kijiji akanijia shambani.

"Keshokutwa nalipeleka lori Biharamulo kulikabidhi," akasema. "Nitapita Nyarubungo. Mkitaka kwenda, ni safari hii. Nyingine sijui."

Nikafurahi. Mke wangu hakufurahi. Siku ya kuhamishwa alikuwa juu ya lori pamoja na mama mmoja aliyempakata mtoto. Lori lilifunga breki, mtoto akaponyoka mapajani kama sabuni, akapasuka paji la uso. Alipona, kovu analo mpaka leo. Tangu hapo mke wangu aliapa: wake hatapakatwa garini.

"Basi mfunge mgongoni," nikamwambia, maana sisi Wahangaza tunabeba mtoto kwa ngozi tunayoiita ingobyi, na ingobyi haijaangusha mtu.

"Nikiegemea kiti nimkandamize? Wewe ulimzaa kwa bahati nasibu?"

Nikaenda kutafuta kitu cha kumkalisha. Sanduku la sabuni lilikuwa na misumari. Kikapu chetu cha maharage alikuwa amekizidi, magoti yanamgusa kidevu, maana mtoto yule alikua kama mgomba wa jalalani. Kapu la kuvunia kahawa lilimmeza, zikabaki nywele. Mwisho jirani akatuazima kapu lake la ndizi, limesukwa kwa fito ngumu, upande mmoja umeinuka kuliko mwingine. Tukamweka, likamkaa. Nikalifunga kwenye kiti cha lori, kati ya dereva na mlango, kwa kamba za katani.

"Lijaribu kwanza," mke wangu akasema. "Si kwa mwanangu."

Tukaweka boga. Nikalifunga kwa kanga kifuani, kama boga lina kifua. Dereva akaliendesha lori mbele ya ofisi ya kijiji, watu wametoka kutazama, akafunga breki. Boga likachomoka ndani ya kanga, likagonga dashibodi, likapasuka.

"Mjukuu wa kwanza huyo," dereva akasema.

Mke wangu alimtazama mpaka akashuka garini kukagua matairi.

Hapo ndipo beberu wa baba aliponijia. Nikasema tuligeuze kapu, ule upande ulioinuka uwe mbele na mtoto atazame nyuma. Dereva akacheka, lakini tukafunga boga la pili. Akafunga breki mara kadhaa, kwa hasira ya kutaka nionekane mjinga. Boga lilijikunja tu kwenye mgongo wa kapu, likabaki palepale.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekataa.

"Mtu mzima wa afya anatazama anakokwenda," akasema. "Anayetazama alikotoka ni mgonjwa, amelazwa kwenye machela, kichwa mbele. Mnampeleka mtoto kwa bibi yake kama maiti mtarajiwa?"

"Shangazi," mke wangu akamjibu taratibu, "aliyetazama mbele tumemla na maharage jana."

Shangazi akatupa baraka za nusu mdomo.

Safari ilikuwa nzuri. Mtoto alitutazama sisi, nasi tukamtazama yeye. Mke wangu alimpa ndizi mbivu, akajipaka mpaka masikioni. Katikati ya msitu, kabla hatujafika Biharamulo, ngiri na wanawe wakakatiza barabara. Dereva akakanyaga breki kwa miguu yote. Mimi niligonga kioo, sigara za dereva zikaruka nje, mke wangu akashika dashibodi akaumia kiganja. Ngiri wakapita, mikia juu. Tukageuka kwenye kapu wote kwa pamoja.

Mtoto alikuwa amebanwa vizuri kwenye mgongo wa kapu, ana kwikwi. Akanyoosha mkono anataka ndizi nyingine.

Mke wangu alilia kidogo, kisha akaanza kucheka, na hakuacha kucheka mpaka Nyarubungo.

Tulipofika, dereva na shemeji yangu wakaliteremsha kapu na mtoto akiwa bado amefungwa, wakalibeba kama lilivyokuwa garini, uso nyuma. Mimi nilibaki nje ya uzio, maana kwa desturi mkwe hamkimbilii mama mkwe. Mama mkwe akatokea migombani, akamwona mjukuu anakuja akitazama alikotoka. Akatupa jembe, akaangua kilio. Majirani wakakiitikia. Mimi nikawa nje naruka kama panzi, siwezi kuingia, siwezi kumpigia kelele mama mkwe.

"Mwambie ni mzima!" nikamhimiza dereva.

"Mama, shikamoo. Ni mzima!"

"Marahaba. Mzima anabebwa hivyo?"

Mke wangu akamfungua mtoto, akampa. Bibi akaingiza kidole mdomoni mwake, na mtoto akakiuma. Kilio kikakatika.

"Mgonjwa gani anauma hivi," akasema, na akatuma kijana akakamate kuku.

Dereva alikula, akaenda kulikabidhi lori lake, nalo likapelekwa vitani. Gari la kuturudisha likawa halipo, tukakaa kule miezi, tukalima, tukanenepa. Kapu likawekwa uani, likawa kiti cha mtoto. Bibi yake alimkalisha humo akimenya ndizi, amelipa jua mgongo, wanatazamana, wanazungumza Kisubi ambacho mimi nilikuwa sikijui vizuri.

Jioni moja mtoto alishika ukingo wa kapu, likainama, akatoka. Akasimama. Mama yake akataka kumwinua, bibi akamzuia kwa mkono wenye maganda. Mtoto akayumba, akaelekea migombani kumfuata jogoo, akaenda zake, na katika kapu lile hakurudi kukaa tena.