Wayua na Bunge la Sauti Moja

Wayua Kitheka hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka, alitikisa goti mpaka mumewe amwekee mkono. Wanawake wa kijiji chake, karibu na soko la Zombe, walimfanya mwenyekiti wa kikundi kwa sababu hiyo hiyo. Walipochoka, yeye ndiye aliyewainua. Walibeba mawe na saruji mgongoni wakajenga ukuta kukata mto Kyangunga, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Nyuma ya ukuta mchanga ulijaa, na ndani ya mchanga maji yakakaa. Wakati wa kiangazi ulichimba kidogo tu kwa mikono, ukachota. Watu na mifugo walikunywa hapo.

Ndipo ukaja mswada. Ulisema kwamba ruhusa ya kuchota mchanga wa mito itatolewa na ofisi moja Nairobi, na wenyeji hawana haja ya kuulizwa.

Kamati ya Bunge ilifika mjini Kitui kusikiliza maoni. Ukumbi ulijaa. Wayua alisimama akasema, "Mkichukua mchanga mmechukua maji. Mnatuachia mashimo." Abdinoor, mfanyabiashara wa mifugo aliyenywesha mbuzi wake Kyangunga kabla ya kuwapeleka sokoni, alisema hivyo hivyo kwa maneno yake. Hakuna aliyeunga mkono mswada. Wabunge waliitikia kwa vichwa, wakanywa soda, wakawashukuru wananchi. Wayua alirudi nyumbani akiimba.

Wiki iliyofuata alikuwa akipepeta ndengu, redio ikiwa wazi, kikao cha Bunge kikitangazwa moja kwa moja. Spika aliwauliza wanaosema ndiyo. Ukumbi ukanguruma. Akawauliza wanaosema la. Zikasikika sauti chache kutoka pembeni, halafu kicheko. Mswada ulipita bila kubadilishwa hata neno, na mjadala wenyewe haukuzidi kwa urefu matangazo ya mazishi ya redio yaliyoutangulia. Wayua alisubiri sauti ya mbunge wake, Kyule. Hakuisikia.

Kyule alikuwa amechaguliwa kwa chama kidogo, Wayua na wenzake wakimpigia debe nyumba kwa nyumba. Mwaka haukuisha akahamia chama kikubwa kinachotawala, yeye na karibu wabunge wote wa upinzani.

Wayua alimfuata mpaka Migwani, kwenye mazishi, akamshika mkono kabla hajaingia gari.

"Mheshimiwa, ulisema ndiyo ama ulisema la?"

"Mwaitu, mama yangu, si hapa."

"Hapa ndipo nimekupata."

Kyule aliwatazama watu wake, akateremsha sauti. "Chama kilitupa msimamo. Ukipinga unatolewa kwa kamati, na barabara ya watu wako inasahaulika. Na hata ningepinga, ingepita tu. Sisi ni wengi sana."

"Lakini uliusoma?"

Akafungua mlango wa gari. "Siku hizi hatusomi. Nani atatuuliza?"

Jibu hilo lilimsumbua Wayua kuliko matusi. Alikuwa amejiandaa kukutana na mwizi, akakutana na mtu mwenye woga.

Malori ya kuchota mchanga yalikuja kabla ya mvua. Wanawake waliketi kwenye mchanga, na Abdinoor akajaza mbuzi njia nzima. Polisi walifika. Mkubwa wao hakupiga mtu, alisema tu, "Mama, hii ni sheria. Sisi hatuitungi." Wakaondolewa. Sehemu ya juu ya mto ikachimbwa mpaka mwamba ukaonekana, na visima vya huko vikakauka.

Abdinoor hakukubali. Alimpigia simu Bilan, binti ya dada yake, wakili mjini Kitui, na Bilan akaenda mahakamani. Jaji alisimamisha sheria ile. Alisema Bunge liliwaita watu waseme, kisha halikuyatazama waliyosema. Malori yakaondoka. Kijiji kikachinja mbuzi, na kina mama wakacheza mpaka wakakosa sauti.

Katikati ya shangwe Wayua alimvuta Bilan kando. "Kwa hivyo imeisha?"

"Imesimama, mama. Wanaweza kuirudisha, wabadilishe maneno mawili, ipite kwa siku moja. Idadi wanayo."

"Na sisi?"

"Sisi turudi kortini. Kama sheria za korti nazo hazitakuwa zimebadilishwa."

Wayua aliacha nyama yake kwenye sahani.

Tangu hapo haketi soko likiwa wazi, Zombe au Migwani. Kila anayetaka ubunge, awe wa chama gani, anasimamishwa na kuulizwa mbele ya watu: siku wenzako wote wakisema ndiyo, utaweza kusema la? Wengine hucheka. Mmoja, kijana mwalimu aitwaye Mwau, alifikiri kwa muda mrefu akasema hajui. Huyo peke yake ndiye Wayua amemkaribisha nyumbani, tena mara mbili.

Kule juu mtoni mashimo bado yapo wazi. Mvua ikinyesha, maji hupita mbio bila kusimama.